Neno la Kuiamsha Heroe

Setilaiti ya Klabu ya Redio ya Bonde ilikuwa imekufa kwa miaka minne, na kama mwili wake ungekuwa karibu, wanachama wangekuwa wamekwisha kuuzika na kula wali wa matanga. Taabu ni kwamba mwili wenyewe ulikuwa juu, kilomita mia tano juu ya vichwa vyao, ukizunguka dunia mara kumi na tano kwa siku bila kutoa hata mlio. Kilikuwa kisanduku kidogo chenye paneli za sola pande zote, ukubwa wa pakiti ya unga ya kilo moja. Watu saba walikijenga kwa miaka mitatu katika chumba cha nyuma cha kanisa moja mjini Nakuru, wakakipa jina la Heroe.

Jina hilo lilikuwa na kesi yake. Katibu wa klabu, Bwana Kihara, alitaka ndege wa ziwani kwetu, na badala ya kusema flamingo kama binadamu wengine wote wa Nakuru, akaenda kufungua kamusi. Tangu siku hiyo hakuna aliyelitamka sawa. Pasta aliyewapa chumba aliwauliza, kwa upole wa mtu anayeogopa jibu, kwa nini Wakristo wazima wanataka kumrusha Herode mbinguni, na yeye ndiye aliyewaua watoto wa Bethlehemu. Kihara akamwonyesha kamusi. Pasta akasema sawa, lakini Jumapili ile mahubiri yalikuwa juu ya mnara wa Babeli.

Mmoja wa wale saba alikuwa Jepkemei, ambaye kwake Njoro anaitwa Mama Kigen. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, ng'ombe watano wa maziwa, bata wasiohesabika, na leseni ya redio ya ridhaa aliyoifanyia mtihani baada ya kustaafu, wakati wenzake wa rika lake walikuwa wakijiunga na kwaya. Ujana wake wote ulikwisha kwenye swichibodi ya simu mjini Nakuru, enzi zile ambazo ulimwambia opereta unataka kuzungumza na nani, naye akakuunganisha kwa waya. Kwa maelezo yake mwenyewe, sauti yake ilisifiwa kutoka Naivasha hadi Eldama Ravine, na wako wakubwa waliokuwa wakipiga simu zisizo na maana ili tu wamsikie akisema, "Namba gani, tafadhali?" Wale ambao wangeweza kumbishia wamekwisha kuhama au kufa.

Kitu kimoja hakukikubali kamwe, nacho ni kwamba ana lafudhi. Majirani zake, Wakalenjin wenzake, walimwita baba papa, na gari wakaliita kari, jambo ambalo lilimchekesha sana. Yeye alikuwa mtu wa swichibodi. Katika hadithi hii basi maneno yake yataandikwa jinsi yeye anavyoyasikia, mpaka pale itakaposhindikana kabisa.

Heroe iliruka kwa roketi ya watu, ikiwa abiria wa kubebwa, ikalia vizuri siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili ikanyamaza. Klabu ikaitisha mkutano wa kutafuta chanzo, na kwa kuwa hakuna awezaye kupanda huko juu kutazama, chanzo kilitafutwa miongoni mwa waliokuwa chumbani. Antena ya Heroe ilikuwa vipande viwili vya tepu ya chuma, ile ya fundi inayojikunja yenyewe. Vilikuwa vimekunjwa na kufungwa kwa uzi wa nailoni, ambao ungeunguzwa na waya wa moto huko huko angani ili vifunguke. Jepkemei ndiye aliyefunga. Uzi aliununua kwenye ufukwe wa Kamere, kwa wavuvi wa Ziwa Naivasha, akiamini kwamba uzi unaoweza kumzuia kambale hauwezi kumwaibisha mtu. Mkutano ukaamua kwamba uzi haukuungua wote, kipande kikabaki, kikaivuta antena ikajikunja tena. Kihara akaandika kwenye faili ya klabu: Chanzo cha hitilafu, uzi wa antena.

Jepkemei hakubisha. Alimtazama Kinyanjui, au Baba Kui kwa waliomzoea, fundi aliyetengeneza betri na kompyuta ya Heroe na aliyekuwa rafiki yake mkubwa pale klabuni, akingoja aseme japo neno moja la kumtetea. Kinyanjui alikuwa akitazama meza. Tangu siku hiyo Jepkemei hakurudi klabuni, na wawili hao hawakusemezana tena ila mara moja mazikoni, waliposhikana mikono kwa sababu watu walikuwa wakitazama. Nyumbani alibaki na bunda la uzi wa Kamere. Alilifunga fundo lile lile mezani na kulifungua, mamia ya mara, akitafuta alipokosea. Setilaiti kufa si kitu, vitu hufa. Kilichomuuma ni kwamba imeandikwa kuwa yeye ndiye aliyeiua, na alikuwa ameanza kuamini.

Mapema mwaka huu, mzee mmoja wa Ureno, mpenda redio kama wao, aliwaandikia wanachama wote barua pepe. Alisema kwenye masafa ya Heroe anasikia mlio mmoja, pii, kila dakika. Kitu hicho kikiwa juani kinalia, na kikiingia kwenye kivuli cha dunia kinanyamaza. Wanachama wengine walijibu kwa picha ya kidole gumba na kuendelea na shughuli zao. Jepkemei alivaa hedifoni, akapanda juu ya kreti ya maziwa iliyopinduliwa, akaielekeza antena yake ya mkono, iliyotengenezwa kwa mabomba ya aluminiamu na mti wa ufagio, upande wa mlima Menengai. Jirani aliyepita alifikiri anafukuza mwewe. Dakika mbili hazijaisha akasikia pii, akashuka kwenye kreti na kuikalia.

Lakini pii moja si ushahidi, angani kuna takataka nyingi zinazolia. Ushahidi ungepatikana kwa njia moja tu. Heroe ilipangwa kwamba ikiamka baada ya kuzimika, ilie hivyo hivyo kwa siku mbili, kisha ndipo ikubali kusikia neno la dharura. Ikipewa neno hilo itataja jina lake na kueleza hali ya kila kiungo chake. Ikizimika kabla ya siku mbili, inaanza kuhesabu upya, na kivuli cha dunia kilikuwa kikiizima kila saa moja na nusu. Bahati ilikuwa kwamba mwezi huo njia yake ingekaa juani mfululizo kwa siku tisa. Kabla msimu mwingine kama huo kufika, kwa hesabu za klabu, Heroe itakuwa imeshuka na kuungua. Jepkemei alikuwa na siku hizo tisa za kujua kama mkono wake uliua au haukuua.

Neno alikuwa nalo. Wiki ile ya kurushwa, Kinyanjui alikuwa ng'ambo akiikabidhi Heroe, wenye roketi wakamwambia neno la dharura libadilishwe, maana la klabu lilikuwa HELLO, na setilaiti nyingine mbili za safari ile ile zilikuwa na HELLO. Kinyanjui akampigia Jepkemei simu ya haraka, ikamkuta zizini akikamua, bata wakimpigia kelele miguuni. Neno gani? Jepkemei akatazama chini, akasema bata. Laini ikakatika. Kwenye faili, mahali pa neno la dharura, Kinyanjui aliandika: Lile alilosema Mama Kigen.

Siku mbili za kuhesabu zikapita. Siku ya tatu Jepkemei akaandika BATA kwenye kompyuta, akabonyeza, redio ikalirusha neno juu. Ikajibu pii. Siku ya nne pii. Ya tano na ya sita vivyo hivyo, ile pii ya mtu anayekusikia na kukudharau.

"Mum, mteja hapatikani," alisema Sue, mke wa mwanawe Kigen, aliyekuwa akianika nguo karibu na zizi. "Jaribu tena baadaye."

"Cheka tu," Jepkemei alisema.

"Sicheki. Si uulize tu Baba Kui aliandika nini?"

"Aliandika nini aje? Bata inaandikwa namna ngapi?"

Sue alifungua mdomo, akaufunga. Alikuwa ameolewa katika boma lile miaka sita, na alijua ya kusema na ya kumeza. "Mimi sijui, mum," alisema huku akitafuta kibanio ambacho kilikuwa mkononi mwake. "Lakini muulize."

Siku ya saba asubuhi Jepkemei alivaa sweta la kanisani, ili ieleweke kwamba haendi kuomba, akashuka mtaa wa Kaptembwo, mjini Nakuru. Duka la Kinyanjui lilikuwa pale pale, katikati ya muuza mitumba na kinyozi, limejaa televisheni zilizofunguliwa matumbo. Kinyanjui, babake Kui, alikuwa na miaka sitini na sita na miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Mteja mmoja, mama wa makamo anayeitwa Emmy, alikuwa amekalia ndoo akingoja redio yake itengenezwe.

"Baba Kui," Jepkemei alisema mlangoni.

"Mama Kigen." Kinyanjui aliweka chini chuma cha kuchomelea. "Umenenepa."

"Wewe umekonda."

Kwa watu walionuniana miaka minne, hayo yalikuwa maneno ya amani kabisa. Jepkemei alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa, akamweleza kila kitu tangu barua ya Ureno: pii, siku tisa, neno lisilojibiwa. "Nilikuwa nafikiri labda si yeye," alisema. "Lakini ni yeye. Kabla hii jua ya mfululizo alikuwa analia akiwa kwa jua tu. Akiingia kivuli, kimya. Akitoka, analia tena."

Kinyanjui aliyekuwa ameanza kutabasamu aliacha. Alichukua bisibisi, akaizungusha vidoleni kitambo kirefu, kirefu kiasi kwamba Emmy aliitupia jicho redio yake kwa wasiwasi. Nje kinyozi aliwasha mashine na kuizima.

"Nataka kujua kitu moja tu," Jepkemei alisema. "Ile neno. Uliandika nini?"

Kinyanjui alivuta pumzi. "Niliandika venye ulisema."

"Nilisema bata."

"Eeh. Hiyo ndio niliandika. Pata."

"Bata!"

"Si ndio nasema? Pata."

"Baba Kui, usinichezee. Bata!"

"Mama Kigen, sisi wawili tunasema neno moja na wewe unanipigia kelele."

Emmy aliyekuwa juu ya ndoo hakuweza kuvumilia tena. "Andikeni," alisema. "Kila mtu aandike yake."

Kinyanjui alirarua karatasi ya risiti vipande viwili. Waliandika wakiwa wamefichana kwa viganja kama watoto wa mtihani, wakampa Emmy. Emmy alifungua kimoja, akafungua cha pili, akaviinua juu kwa mikono miwili. Kimoja kilikuwa BATA. Cha pili kilikuwa PATA.

"Bata?" Kinyanjui alishangaa. "Bata, bata ya kutembea?"

"Ya kutembea! Walikuwa kwa miguu yangu nikikamua!"

"Mimi nilijua ni pata! Nilisema huyu mama ana akili, ati tukiipoteza tutaipata. Nilielezea hata wale wazungu wa roketi. Walipiga makofi!"

"Mimi nasema bata vizuri. Nimefanya kazi ya simu miaka kumi na saba."

"Sema tena. Sema polepole."

Jepkemei alinyoosha mgongo, akaweka mdomo tayari kama zamani mbele ya swichibodi, na hapa sina budi kuandika kilichosikika. "Pata," alisema.

Emmy akapatwa na kikohozi cha ghafla. Jepkemei alimtazama, akamtazama Kinyanjui, na polepole joto likampanda shingoni hadi masikioni. Alikumbuka wakubwa wote aliowaunganisha. Alimkumbuka bwana mmoja aliyeomba namba ya Bomet akaunganishwa na Pometi gani sijui, na alipolalamika Jepkemei akampa lawama bure. Kosa lilikuwa la mdomo wake yeye. Kwa siku nne alikuwa akimwita Heroe kwa tahajia ya kamusi, na Heroe alikuwa akingoja aitwe kwa sauti ya mama yake.

"Na wewe je?" alisema, maana aibu haipendi kukaa peke yake. "Wewe unasema setiraiti."

"Sasa si ni setiraiti? Iitwe nini?"

Walicheka kidogo, kwa tahadhari, kama watu wanaojaribu daraja. Kisha Kinyanjui alifanya jambo ambalo Jepkemei hakulitarajia. Alimpa Emmy redio yake bila kuimaliza, akamwambia aje kesho, akavua aproni, akafunga duka katikati ya siku ya kazi.

"Inapita saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi na dakika arobaini."

"Twende pamoja."

Walipofika Njoro, Sue alimkaribisha Kinyanjui kwa chai na mkate, akamwita baba, akamuulizia Kui. Kinyanjui alijibu vizuri lakini kikombe hakukigusa. Alizunguka zizi, akasifu ng'ombe ambao hawakuhitaji sifa. Jepkemei alikuwa ameshaweka kompyuta juu ya meza ya nje na kuunganisha waya, akawa anatazama saa. Zilikuwa zimebaki dakika nane.

"Mama Kigen," Kinyanjui alisema nyuma yake. "Kabla uandike hiyo neno. Ikiamka itatuma namba tano. Ya tatu ni betri."

"Najua. Mimi pia nilijenga."

"Itakuwa sifuri."

Jepkemei aligeuka. Kinyanjui alikuwa amevua miwani yote miwili na ameishika kwa mkono mmoja.

"Betri ikikufa vibaya, inavuta stima yote ya sola, setiraiti inazima kabisa. Ikikaa miaka, inakatika ndani. Hapo sola inaweza endesha kila kitu bila betri, bora tu kuwe na jua. Uliponiambia inalia kwa jua na inanyamaza kwa kivuli, nilijua. Hakuna uzi hapo. Antena yako iko sawa, iko sawa tangu siku ya kwanza."

"Ulijua leo?"

Angeweza kusema ndiyo. Jepkemei alimwona akiipima hiyo ndiyo mdomoni.

"Nilijua tangu zamani," alisema. "Wiki ya mwisho kabla nisafiri, betri moja ilishika joto nikiichaji. Joto ya kuchoma mkono. Kuibadilisha ingetaka tufungue kila kitu, na roketi haingetungoja. Nikangoja ipoe, nikafunga. Nikaomba Mungu."

"Na siku ya mkutano?"

"Nilitazama meza."

Jepkemei alisikia hasira ikimjia, si ile ya kupandisha sauti, ile nyingine inayofanya mikono iwe baridi. Miaka minne. Mafundo mamia kwa mamia. Alikuwa ameacha klabu aliyoipenda, ameacha kuitazama mbingu usoni, ameamini kwamba vidole vyake vilivyounganisha nusu ya Bonde la Ufa viliua kitu kimoja kidogo kilichomtegemea, na mtu huyu alikuwa Kaptembwo akitengeneza televisheni. Alitaka kumpiga kwa antena. Alikwisha kuishika hata, na mti wa ufagio ulikuwa mgumu wa kutosha.

Kompyuta ikalia. Dakika moja. Hasira ikabidi iwekwe kando, kwa sababu setilaiti haimngoji mtu amalize kukasirika.

"Shika hii," Jepkemei alisema, akamsukumia antena kifuani. "Menengai. Ukiitingisha nitakuua."

Kinyanjui alipanda juu ya kreti ya maziwa, akaielekeza antena juu ya mlima. Jepkemei alichomoa hedifoni ili sauti itoke kwa spika, na kwanza wakasikia ule mchakacho kama wa mvua ya mbali, kisha, ndani yake, pii. Sue aliacha kuosha vikombe. Kidole cha Jepkemei kilikwenda chenyewe kwenye B, akakivuta kama mtu aliyegusa sufuria ya moto, akaandika PATA. Akabonyeza.

Kimya. Akabonyeza tena. Walingoja pii ya dakika iliyofuata, na pii haikuja. Sue alinong'ona kwamba sasa ndiyo wameimaliza kabisa. Ndipo spika ikaanza kutoa vitone na vistari vya alfabeti ya telegrafu, dhaifu mwanzoni, kisha wazi, na Jepkemei hakuhitaji kompyuta imsomee. Alitamka herufi moja moja kwa sauti. H. E. R. O. E.

"Herode amefufuka!" Sue alipiga kelele, na bata wote wakatawanyika.

Namba zikafuata. Ya kwanza joto, ya pili sola, zote nzuri. Ya tatu ilikuwa kistari kirefu, kirefu, kirefu, kirefu, kirefu.

"Sifuri," Jepkemei alisema.

Kinyanjui hakuteremsha mkono. Aliifuata Heroe kwa antena kutoka Menengai, ikapita juu ya paa la zizi, ikashuka polepole kuelekea milima ya Mau, ikirudia jina lake na sifuri yake kila nusu dakika kwa yeyote aliyetaka kusikia, na hakuitingisha hata mara moja. Machozi yalikuwa yakimtoka naye hana mkono wa kuyafutia. Jepkemei alimtazama dakika zile zote kumi. Alifikiria jinsi Kinyanjui alivyozungusha ile bisibisi dukani kabla ya kujibu. Wakati ule alikuwa tayari anajua Heroe itasema nini ikiamka. Angesema tu kwamba amesahau neno, nani angembishia? Siku tisa zingeisha, na yeye Jepkemei angezikwa na uzi wake. Jambo hilo halikuiondoa hasira. Liliipunguzia tu mahali pa kukaa.

Sauti ilipozama nyuma ya Mau, Kinyanjui alishuka kwenye kreti na kukanda bega.

"Andika kwa group ya klabu," alisema. "Andika ni betri."

"Mimi siandiki," Jepkemei alisema. "Andika mwenyewe."

Kinyanjui alitoa simu, akavaa miwani ya kichwani badala ya ile ya macho, akabadilisha, akaandika kwa kidole kimoja. Alichukua muda. Alipomaliza alimpa Jepkemei asome kabla ya kutuma. Ilikuwa imeandikwa: Heroe imeamka. Haikuwa uzi wa Mama Kigen. Ilikuwa betri yangu, nilijua, na nilinyamaza mkitazama yeye. Jepkemei aliisoma mara mbili. Kisha yeye mwenyewe ndiye aliyebonyeza kutuma, kwa sababu hakutaka kidole cha Kinyanjui kiguse kitu kingine.

Wanachama ambao kwa wiki nzima walikuwa na vidole gumba tu sasa walipata maneno yote ya lugha. Katikati ya kelele hizo Kihara aliingia kikatibu kama kawaida yake: Faili itarekebishwa leo hii. Naomba pia neno sahihi la dharura ili liingizwe rasmi.

Jepkemei hakuwa na subira ya kuandika. Akabonyeza alama ya sauti, akalitamka neno polepole, kwa unyenyekevu mpya, na hakika safari hii alilitamka sawa. "Neno ni pata."

Jibu la Kihara lilikuja mara moja. Asante sana Mama Kigen. Nimeandika BATA.

Sue ndiye aliyeanza, akalazimika kushikilia meza. Kinyanjui akafuata, akicheka na kufuta macho kwa mkono ule ule, na Jepkemei, aliyekuwa ameapa moyoni kwamba hatacheka na mtu huyu leo, alicheka mpaka akakaa juu ya kreti. Kicheko kilikuwa hakijaisha Kihara akatuma picha ya ukurasa wa faili. Maneno uzi wa antena yalikuwa yamekatwa kwa mstari wa rula, kwa wino mwekundu, na sahihi ya katibu pembeni. Jepkemei aliikuza picha kwa vidole viwili mpaka mstari ule ukajaza kioo chote. Hapo kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, akajifunika uso kwa sweta la kanisani.

Alipojifunua, jua lilikuwa limelalia mashamba ya ngano na Kinyanjui alikuwa bado amesimama, miwani yote miwili mkononi, kama mtu anayengoja kuambiwa aende.

"Sijakusamehe, Baba Kui," Jepkemei alisema.

"Najua."

"Kesho inapita saa kumi na dakika tano. Mkono wangu hauwezi tena kushika antena dakika kumi."

"Nitakuja saa tisa."

"Uje saa sita," Jepkemei alisema. "Maneno niliyokuwekea ni ya miaka minne."